Kopo la Barua za Bridi

Jumatatu, 5 Oktoba 2015

Laini ya maombi saa kumi na moja alfajiri. Dada yangu Esta anaongoza kutoka Louisville, anaita miji kama mwalimu anayeita majina darasani. Louisville. Columbus. Buffalo. Kila mtu kwake na simu yake sikioni. Leo kuna mtu alikuwa anakaanga kitu, mafuta yakasikika mpaka kwake Kentucky. Esta akasema, dada wa Buffalo, zima jiko au zima simu. Nikazima jiko polepole. Aliyekaanga ni mimi. Maandazi ya binti yangu Neema ya kwenda nayo shule.

Basi hadi Kenmore, kazini. Upepo wa ziwani umeanza kuuma masikio. Bibi Nora alikuwa ameshaamka, amekaa kitandani na rozari yake, ananingoja mimi na chai. Chai yake nyeusi kama dawa ya viatu. Miaka miwili na nusu namtunza, sijawahi kuipatia kwa mara ya kwanza. Mimi sisali kwa shanga, yeye hashangilii kwa kelele, lakini tunaombeana.

Wiki hii hatulii. Kuna msichana anakuja kutoka Ayalandi tarehe ishirini na sita. Jina lake linatamkwa Ifa, ingawa kwenye karatasi lina herufi nyingine kabisa. Anazunguka na kipaza sauti, anarekodi kwa redio ya kwao wanawake walioondoka: walifanya kazi gani, walibuni nini, siku zao zilikwendaje. Anamtaka Bibi Nora kwa sababu alikuwa mtu wa redio. Miaka kumi na tisa, kila Jumapili, kipindi cha Waairishi, yaani watu wa Ayalandi walio hapa, yeye akisoma visa vidogo vya maisha ya wanawake wa kijijini kwao. Siku sita nyingine alikuwa anasugua sakafu za shule. Hilo hulisema kila mara, kwamba mikono yake na yangu inajua ndoo.

Amenichezea tena ile kaseti ya kipindi chake, ya mlango. Jirani mmoja alipaka mlango wa nyumba yake rangi nyekundu siku mume wake alipokwenda mnadani kuuza ndama. Mume aliporudi akaipita nyumba yake mwenyewe, akaenda kugonga kwa watu. Nimecheka kama siku ya kwanza. Sauti ya Bibi Nora enzi zile ni kama maziwa ya moto.

Jumatano, 7 Oktoba

Niandike polepole.

Bibi Nora haoni tena katikati ya macho, anaona pembeni tu. Kusoma hawezi. Leo kanituma nitoe kopo la biskuti chini ya kabati, nyuma ya viatu. Ndani barua, zimefungwa kwa uzi. Za dada yake mkubwa, Bridi, aliyebaki Ayalandi. Kasema nimsomee akumbuke mambo kabla Ifa hajaja. Kiingereza changu cha kusoma ni cha kidole kwenye mstari. Hana haraka.

Barua ya nne. Nimefika mahali: leo nimepaka mlango rangi nyekundu. Nimepaka, mimi. Hakuna jirani. Halafu mnada, ndama, mume kuipita nyumba. Maneno yale yale ya kwenye kaseti. Kidole changu kikasimama. Hakuniuliza kwa nini nimesimama.

Akasema, "Sasa unajua."

Akanieleza. Bridi alikuwa karani wa posta katika mji wao mdogo. Enzi zile kwao mwanamke wa kazi ya serikali akiolewa anatoka kazini, ndiyo sheria. Ijumaa walimpa birika la chai na makofi. Jumamosi akaolewa. Jumatatu dirisha lake likawa na msichana mwingine. Akabaki na kalamu na hana wa kumwandikia, basi akawa anamwandikia mdogo wake Amerika kila wiki. Na huyu mdogo wake, siku ya kwanza redioni, aliambiwa aje na kitu cha kusoma. Hakuwa na kitu. Alikuwa na barua kwenye mkoba. Akatoa "mimi", akaweka "jirani mmoja". Watu wakapenda. Jumapili iliyofuata akaja na nyingine.

Bridi hajui mpaka leo. Ana miaka themanini na minane. Keti naye hajui. Keti ni binti yake Bibi Nora, mwalimu, anakaa North Buffalo. Ndiye aliyetundika sebuleni ile picha kubwa ya mama yake na kipaza sauti.

"Usimwambie mtu, Mama Neema."

Nikasema sitamwambia mtu. Niliweka mkono kifuani. Akashika ule mkono kuhakikisha uko kifuani kweli.

Anataka kumweleza Ifa ukweli. Halafu hataki. Alibadilika mara tatu kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi, 8 Oktoba

Nimeamka na mzigo wake mgongoni. Nikaupeleka kwenye laini.

Esta ana sheria yake: ombi lije na jina na jambo lenyewe, tusimfunikie Mungu sahani. Basi nikasema lote. Bibi Nora wa Kenmore, ninayemtunza, barua za dada yake, redio, miaka yote ile, dada yu hai na hajui, Bwana ampe nguvu ya kusema kabla mmoja hajaondoka. Akina mama waliguswa. Mama Riziki wa Columbus alilia kwa sauti. Tuliomba dakika ishirini kwa ajili yake, mwanamke ambaye hawajamwona hata picha.

Nilikwenda kazini nikiwa mwepesi. Sikumwambia mtu. Nilimwambia Mungu.

Jumapili, 11 Oktoba

Mama Furaha kanikumbatia mlangoni mwa kanisa kabla sijavua koti. Yeye ndiye anayekaa na Bibi Nora Jumamosi na Jumapili jioni, mimi niliyemwingiza kazi hiyo. Uso unang'aa. Akasema jana Bwana alimpa nafasi. Alimshika bibi mikono, akaomba kwa Kiingereza, kwa nguvu, Bwana amwondolee mzigo.

Nikamwuliza mzigo gani.

"Wa barua, jamani. Za dada yake alizozichukua."

"Mama Furaha. Ulisema barua?"

"Si ndivyo ulivyotuomba?"

Nikamwuliza nani mwingine alikuwepo. Keti tu, akasema, alikuwa jikoni anapanga vyombo. Aliacha kupanga.

Sikusikia mahubiri. Niliimba nyimbo zote na sijui ni zipi.

Jumatatu, 12 Oktoba

Hakuwa na rozari. Alikuwa amekaa kiti cha dirishani, mgongo kwangu.

"Nilikwambia usimwambie mtu."

Nikasema, "Sikumwambia mtu, Bibi. Nilimwambia Mungu."

"Na wangapi walikuwa wamekaa na Mungu?"

Nikaanza kuwahesabu moyoni. Wengine nawajua kwa kikohozi tu.

Akasema niende jikoni nikae huko, akinihitaji ataniita. Hakuniita. Chai ilipoa kwenye meza, nikaimwaga, nikapika nyingine, ikapoa.

Keti alikuja mchana. Hakunisalimia. Alimwuliza mama yake kama ni kweli, mama akasema ni kweli. Keti akasema amewaeleza watoto wake na wanafunzi wake maisha yote kwamba bibi yao alikuwa mwandishi. Mama yake akasema alikuwa msomaji. Keti akaishusha ile picha ukutani, akaiweka chini ikitazama ukuta. Kisha akatoka nje kupiga simu, nikajua anampigia nani.

Bwana, sikukusudia. Lakini nilisema sitasema, nikasema. Siwezi kuipamba.

Jumanne, 13 Oktoba

Mama wa ofisi yetu ya watunzaji kapiga saa mbili. Nisiende Kenmore mpaka wachunguze. Akanikumbusha karatasi niliyosaini, kwamba habari za mtu tunayemtunza hazitoki nyumbani kwake. Nilisaini, ni kweli. Nilidhani ni habari za magonjwa.

Nimesugua jiko mara mbili. Nimekwenda Grant Street kununua dengu nikarudi na vitunguu. Nikarudi tena. Muuza duka akaniuliza kama nimeanza mazoezi.

Alhamisi, 15 Oktoba

Ugomvi na Esta.

Laini yetu inarekodiwa na kuhifadhiwa, ili akina mama walio kwenye shifti ya asubuhi kule maghalani wasikilize baadaye. Donc, basi, maneno yangu ya Alhamisi ile yapo, mtu yeyote mwenye namba anabonyeza anayasikia. Nilimwomba Esta afute ya siku ile. Akasema maombi hayafutwi.

Nikasema si maombi yote, ni sehemu yangu. Akasema, "Umekuwa Mzungu lini? Sasa tumwombe Mungu kwa mafumbo? Bwana, msaidie fulani, kuhusu kitu fulani, pale mahali?"

Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine. Nikamwambia yule mama ameumia. Akasema wao wanaumia upesi, atapoa, na kama kazi imeharibika nihamie Louisville, yeye alinikataza Buffalo tangu mwanzo kwa ajili ya theluji. Nikakata simu. Sijawahi kumkatia dada yangu simu. Nikatia mikono kwenye maji ya vyombo.

Baadaye ujumbe wa sauti wa Mama Riziki: "Bon, sawa, Mama Neema, usilie, njoo Columbus. Kwenye ghala letu wanaandika watu kazi kila Jumatatu. Chumba cha chini kwangu kipo wazi, kina dirisha dogo lakini kina joto. Huko masanduku hayana siri."

Nimeusikiliza mara nne.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimefunga mabegi mawili. Nimefungua moja.

Nilimwambia Neema huenda tukahamia Columbus. Ana miaka kumi na tano, yuko kwenye kwaya ya shule, ana rafiki mmoja anayempenda kama pumzi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu, kwamba safari hii hakuna anayetufukuza.

Nikamwambia anyamaze, aniheshimu. Kisha nikaingia bafuni nikakaa kwenye ukingo wa beseni.

Maishani nimekimbia mara tatu. Zote kwa sababu ya bunduki. Hii ya nne itakuwa kwa sababu ya bibi mmoja asiyeona ambaye sitaki kumtazama usoni. Neema amesema kweli. Sijamwambia hivyo.

Namwaza Bibi Nora. Nani anamkata kucha za miguu? Mama Furaha hawezi, anaogopa miguu.

Jumatatu, 19 Oktoba

Hakuna simu kutoka ofisini. Nimeomba peke yangu, sikuingia kwenye laini. Siku ya kwanza tangu nifike nchi hii. Nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia bomba la jirani.

Zimebaki siku saba Ifa afike. Anakuja kusikiliza nini sasa, sijui.

Jumanne, 20 Oktoba

Keti amepiga mwenyewe. Sauti kavu. Mama yake amefukuza watunzaji wawili kwa wiki moja. Wa kwanza hajui chai. Wa pili alimsemesha kama mtoto mchanga, akamwita "mpenzi wangu mdogo", Bibi Nora akamwambia amezika mume na kaka wawili, yeye si mdogo wa mtu.

Halafu Keti akasema mama yake ametuma neno, na yeye analifikisha tu, asiulizwe maana yake. Neno lenyewe: "Alianza lile kopo, hajalimaliza."

Ofisi imekubali kwa kuwa familia imeomba. Nina onyo kwenye karatasi. Nimesaini. Safari hii nimesoma kila mstari, kwa kidole.

Jumatano, 21 Oktoba

Nilipanga maneno kwenye basi. Nilipofika yakaisha. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, kama tunavyofanya kwetu mtu akimkosea aliyemzidi umri.

Hakuniona. Akageuza kichwa huku na huku akinitafuta kwa pembe za macho.

"Umekwenda wapi?"

"Niko hapa chini, Bibi."

"Unafanya nini chini? Umedondosha kitu?"

"Naomba msamaha."

Akasema, "Basi inuka. Hapo hapajafagiliwa tangu uondoke."

Sikuinuka upesi. Nikamwambia yote, idadi ya akina mama, miji, na kwamba sauti yangu bado ipo kwenye simu na dada yangu amekataa kuifuta. Nilitaka ajue ubaya wote, asije akauokota kidogo kidogo kwa watu wengine kama alivyouokota kwa Mama Furaha.

Alisikiliza. Akasema wiki nzima amekaa na hasira nzuri, ya haki, aliyoifurahia. Kila akiipanga vizuri inafika mahali pale pale. Mtu alipewa maneno ya siri kwa upendo, akawapa watu wasiohusika, naye akajisikia vizuri. "Wewe ulifanya asubuhi moja. Mimi nilifanya miaka kumi na tisa. Siwezi kukufukuza bila kujifukuza mwenyewe."

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Barua ya tano."

Nikasoma.

Ijumaa, 23 Oktoba

Kopo limeisha. Barua mia na kitu zilizosalia kati ya mamia, siku tatu, koo limekauka.

Nyingine zinachekesha. Kuku waliolala kwenye kofia ya padri. Mwanamke anayesuka lesi na kuifumua kila wiki kwa kuwa hana mwingine wa kumwonyesha. Nyingine hazikusomwa redioni na najua kwa nini. Ile ya Bridi kwenda posta kununua stempu na kusimama foleni mbele ya dirisha lililokuwa lake, na msichana wa dirishani kumwuliza jina lake linaandikwaje. Hiyo nilisoma mpaka mwisho, Bibi Nora akaomba niirudie.

 Akasema, "Hakuna msichana wala kipaza sauti kabla Bridi mwenyewe hajasikia."

Nilikuwa na kadi ya simu, ile ninayonunua Grant Street kupigia nyumbani. Saa saba mchana hapa, huko jua linakwenda kutua. Nilibonyeza namba zote zile, nikaweka sauti ya wazi kwa sababu masikio yake nayo yamechoka. Nilitaka kutoka. Kanishika sketi. Kasema kaa, umeshajua yote.

Akapokea mpwa wao, kisha Bridi mwenyewe. Sauti nyembamba, lakini imenyooka. Walianza na hali ya hewa. Waairishi wanaweza kukaa kwenye hali ya hewa nusu saa. Kisha Bibi Nora akasema. Hakuzunguka. Barua zako nilizisoma redioni. Zote karibu. Nilisema ni mambo ya majirani. Watu walidhani nimetunga mimi, nikawaacha wadhani.

 Nilidhani kadi imeisha.

Bridi akauliza, "Zilikuwa nzuri?"

"Wanawake walikuwa wanaacha kuosha vyombo ili wasikilize."

"Na mimi nilikuwa naosha vyombo," Bridi akasema.

Ndivyo tu. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze. Bibi Nora alifunga macho yake ambayo hata hivyo hayaoni.

Mpwa akasikika kwa mbali akiuliza kama kuna tatizo. Bridi akamwambia hakuna, alete shali. Kisha akauliza kuhusu huyo msichana, kama kweli ni redio, kama kweli atasikika mpaka huko kwao. Bibi Nora akasema ndiyo. Bridi akasema basi jina lake litajwe. Na si la mume. Lile la posta.

Wakaagana kama kawaida, na hali ya hewa tena.

Nilimpa Bibi Nora chai. Akainywa bila kusema ni mbaya.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nimempigia Esta. Nilianza kumweleza kwa nini nataka afute, nikafika mlangoni pa habari ya jana, nikasimama. Si yangu. Nikasema tu, "Nifutie kama dada yangu, si kama kiongozi wa laini."

Akauliza kama ninalia. Nikasema hapana. Akasema anasikia.

Mchana akatuma neno moja. Nimefuta.

Jumatatu, 26 Oktoba

Ifa ni msichana mdogo mwenye viatu vikubwa. Aliomba nizime friji kwa sababu kipaza sauti kinasikia mngurumo wake. Nikazima. Bomba la jikoni linavuja, nikaweka sifongo chini lidondokee humo. Birika sikuligusa. Nilisimama jikoni kama nimepakwa kwenye ukuta.

Keti alikuja. Akakaa kwenye kochi na koti lake.

Ifa alianza na maswali yake, Bibi Nora akamkatiza. Kasema kabla hujaniuliza kitu, kuna jina. Akalitaja kamili, polepole, kama mtu anayempimia mwingine nguo: Bridget Kinsella, wa posta. Akaeleza birika la chai na dirisha na Jumatatu. Akaeleza mlango mwekundu ulikuwa wa nani. Ifa alikuwa na karatasi ya maswali, nikasikia akiikunja.

Aliuliza swali moja nililoliogopa, kwa nini alifanya vile. Bibi Nora akasema alikuwa anasugua sakafu siku sita, na siku ya saba watu walimsikiliza. Akasema haoni haya kwamba alipenda kusikilizwa. Anaona haya kwamba alipenda peke yake.

Kisha Ifa akamwomba Keti asome ile barua ya foleni ya posta, kwa kuwa mama haoni. Keti alisoma. Alianza kwa sauti ya mwalimu, akamaliza kwa sauti nyingine.

Keti aliponiaga alinishika bega.  Picha haijarudi ukutani. Msumari upo.

Nimesahau kuwasha friji. Nimekumbuka kwenye basi. Nilimpigia Bibi Nora, akasema maziwa ameshayanusa, siagi itapona.

Alhamisi, 29 Oktoba

Mama Riziki anauliza kama chumba akiweke. Nimemwambia ampe mwenye shida. Akasema, bon, nitakuombea. Nikasema asante, lakini niombee kimya. Akacheka sana, akadhani natania.

Mabegi nimeyarudisha juu ya kabati. Neema aliyaona yamerudi. Aliimba bafuni.

Jumatatu, 2 Novemba

Nimerudi kwenye laini. Esta akaita miji. Alipofika Buffalo aliniuliza kama tuna maombi. Nikasema Buffalo tuna shukrani, Mungu anaijua.  Nilisikia pumzi yake kule Louisville. Kisha akaita Columbus.

Kenmore, chai. Leo kaikubali mara ya kwanza. Sikusema kitu nisije nikaiharibu.

Barua zote zimerudi kwa Bridi kwa kifurushi. Kopo likawa tupu mezani. Bibi Nora akalipapasa ndani, akasema nichukue karatasi. Miaka yote ile Bridi aliandika barua, yeye akijibu kwa kadi za Krismasi. Sasa anataka kuandika ya kwake. Tulikaa. Nikaandika: Mpendwa Bridi. Tukakaa tena.

"Sijui kuanza," akasema.

Nikamwambia aanze na alichokiona leo.

"Mimi sioni, mwanamke wewe."

Tulicheka mpaka akakohoa. Akasema basi tazama wewe. Nikaenda dirishani. Nikamwambia jirani anakusanya majani, upepo unamtawanyia, anakusanya tena, hakasiriki. Kuna kindi kwenye uzio ameshika kipande cha mkate kwa mikono miwili kama mtu anayesoma gazeti. Akasema andika hivyo hivyo. Nikaandika.

"Sasa andika ni nani aliyeona."

Nikaandika Mama Neema. Akanifanya nimsomee.

"Hilo ni jina la mtoto wako. Wewe uliitwa nani?"

Ni muda mrefu sijaitwa jina langu. Kwenye foleni za kambi ya wakimbizi walikuwa wanaliita kwa kipaza sauti, na tangu hapo ni la kwenye karatasi tu. Nikaandika: aliyeyaona haya ni Zawadi binti Yoshua, kutoka dirisha la Nora. Nimerudia herufi mpaka zikanyooka.

Barua nimeipeleka mwenyewe kwenye sanduku la posta la kona, kabla ya basi. Nikasikia ikigusa chini.